Kusaka kopo Iringa: mwongozo kamili wa kuijua historia ya mtaa kwa simu na daftari

Kopo langu la kwanza lilidumu siku nne. Lilikuwa kopo la bati la majani ya chai, nikalipaka rangi ya kijani na kulisokomeza kwenye mwanya wa ukuta wa mawe, mtaa mmoja wa katikati ya mji. Siku ya tano nikakuta mwanya mtupu. Mama anayeuza mandazi hatua chache kutoka pale alikuwa ananitazama tangu nilipoinama.

"Unatafuta lile kopo? Vijana wa vyuma chakavu wamepita nalo jana." Akageuza mandazi yake, kisha akaniuliza, "Kwani mwanangu, hapo ulikuwa unaficha nini? Hapo si ndipo lilipokuwa bomba la mtaa mzima?"

Sikujua. Nilikuwa nimechagua mahali pale kwa sababu mwanya ulikuwa mzuri, basi. Nilikuwa nimesimama juu ya bomba lililonywesha mtaa mzima, na mawazo yangu yote yako kwenye kopo. Tangu siku hiyo nimeugeuza utaratibu wangu: kwanza nafichua historia ya mahali, ndipo naficha kopo. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Utamfaa anayetaka kutengeneza kituo cha mchezo huu wa kuficha na kusaka makopo mtaani kwake, na sehemu ya mwisho itamfaa anayetaka kusaka tu.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi

Wenyewe wanauita jiokashi (kwa Kiingereza, geocaching). Mimi na wenzangu tumezoea kusema kusaka kopo. Ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao iliondoa kizuizi kilichokuwa kinaifanya GPS ya raia, ule mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo, ikosee hata mita 100. Siku iliyofuata, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini, jimbo la Oregon, akatangaza koordineti zake, yaani namba za mahali, kwenye intaneti. Ndani aliweka vitabu, kopo la maharage, manati na vikorokoro vingine. Sharti lilikuwa moja: chukua kitu, acha kitu. Leo makopo ya namna hiyo yapo kila bara. Ndani ya kila kopo kuna daftari au karatasi ya kuandika jina lako na tarehe. Mengine ni madogo kama kidole, hayabebi kitu zaidi ya karatasi hiyo.

Mjini, kopo huwa kisingizio. Kinachomleta mtu ni namba za mahali, lakini akifika anajikuta amesimama kwenye kona ambayo amepita mara mia bila kuitazama.

Hatua ya kwanza: chagua mtaa, usichague kificho

Anza na jina. Majina ya Iringa yanasema mengi kuliko vibao, na hayahitaji kiingilio.

Jina la mji lenyewe limetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ila ngome hiyo haikuwa hapa juu. Ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kwa Mtwa, yaani chifu, Mkwawa. Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, naye akafa hapo hapo. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mwaka 1896 afisa wao Tom von Prince akaja kuweka kituo cha kijeshi kwenye mlima huu unaoutazama Mto Ruaha Mdogo, wakauita Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Ukinunua nyanya sokoni leo, uko ndani ya mji uliobeba jina la ngome iliyobomolewa kwingine. Mkwawa mwenyewe alijiua Mlambalasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, na likarudi Kalenga mwaka 1954 mikononi mwa Gavana Mwingereza, Twining. Lipo makumbusho ya Kalenga hadi leo.

Sasa teremka mtaani. Miomboni ni miti, ingawa miti yenyewe utaitafuta sana. Frelimo ni chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Uwanja wa Samora ni jina la Rais wa kwanza wa nchi hiyo hiyo, aliyefariki kwa ajali ya ndege Oktoba 1986. Mtoto anayecheza mpira pale anaitaja historia ya kusini mwa Afrika kila siku bila habari. Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji, kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kwamba hapo ndipo Mkwawa alipokuwa akienda kutafakari, na kwamba hapo ndipo alipopata habari kuwa Wajerumani wanamfuata.

Kisha kuna Kitanzini. Neno liko wazi, kitanzi ni kitanzi, na ukiwauliza wazee watakueleza ni nani walinyongwa na ni nani walionyonga. Hapa inabidi utumie busara. Vivyo hivyo kwa jina la Kleruu, ambalo vijana wengi wanalijua kama chuo cha ualimu tu. Dk. Wilbert Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa, akauawa Isimani siku ya Krismasi 1971, katika mvutano wa ardhi na ujamaa. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili bado wapo. Mambo ya namna hii yaandikwe kwenye maelezo ya kituo kwa heshima, lakini usiyageuze kuwa fumbo la mtu kuchekelea akipata jibu.

Walioko Mbeya nao wasione wivu. Mji wao uliinuka na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920, na majina kama Uzunguni na Uhindini bado yanaonyesha nani alitakiwa kulala wapi enzi za Mwingereza. Kutembea kwa miguu kutoka Uzunguni hadi Soweto ni somo tosha.

Chagua eneo moja unaloweza kulizunguka kwa miguu kwa saa moja. Usitake mji mzima.

Hatua ya pili: waulize waliokuwepo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo wengi wanairuka.

Usimwendee mzee na simu imewashwa kurekodi. Nenda mikono mitupu mara ya kwanza, salimia, kaa. Kwa Wahehe, "Kamwene" inafungua mlango kuliko Kiswahili chochote, hata kama Kihehe chako kinaishia hapo. Shikamoo ifuate. Mara ya pili ndipo uende na nusu kilo ya sukari au majani ya chai, na umwombe ruhusa ya kuandika. Ukimkuta kwenye ulanzi (pombe ya mianzi), msikilize, lakini yale ya baada ya kikombe cha pili uyahakiki kwa mtu mwingine.

Usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka maisha yao. Uliza:

- Ulikuwa umeshaoa, au ulikuwa bado unasoma?
- Ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada? (Hapo unapata 1978 na 1979.)
- Ilikuwa kabla ya kifo cha Kleruu?
- Ni ule wakati wa kupanga foleni ya sukari na sabuni? (Mwanzoni mwa miaka ya 1980.)
- Maji mlikuwa mnachota wapi?

Swali la maji halijawahi kuniangusha. Mtu anaweza kusahau jina la mwenyekiti wake wa zamani, lakini hawezi kusahau alikokuwa anabeba ndoo.

Nikurudishe kwenye lile bomba. Mama wa mandazi aliniambia lilikuwa na koki sita. Mzee mmoja jirani yake, aliyekuwa akipita pale kila siku kwenda kazini, akasema nne, na aliapa. Nikataka kuandika sita, kwa hoja kwamba namwamini zaidi aliyekuwa na ndoo kichwani. Lakini nina kanuni ya mashahidi watatu, nikamtafuta wa tatu, fundi bomba mstaafu. Alinitazama kama mtu aliyesubiri kuulizwa miaka arobaini. "Koki sita. Mbili hazikuwahi kutoa maji hata siku moja." Wote wawili walikuwa wakweli. Mama aliziona koki, mzee aliiona mistari ya ndoo.

Kwa hiyo mashahidi wakipingana, usikimbilie kumpata mwongo. Andika kauli zote mbili, jina la aliyesema (kama ameridhia) na alikuwa amesimama upande gani.

Ukimaliza wazee, pitia Makumbusho ya Mkoa pale Boma, jengo la enzi za Mjerumani lililoanza kuwa makumbusho mwaka 2016. Nenda ukiwa tayari na maswali yako ya mtaani. Ukienda huna swali utatazama picha na kutoka.

Hatua ya tatu: ruhusa, na kopo lililodhaniwa hirizi

Kopo langu la pili lilikuwa la plastiki, dogo, nimelizungushia solotepu nyeusi ili lisionekane, nikalifunga kwa kamba ya katani kwenye mizizi ya mti mbele ya nyumba ya watu. Sikumwuliza mtu.

Mjukuu wa nyumba ile akalikuta akicheza. Fikiria sasa wewe ndiye bibi wa nyumba hiyo: kitu cheusi, kimefungwa kwa kamba, kwenye mzizi, mbele ya mlango wako. Unakifungua, unakuta karatasi iliyokunjwa yenye majina ya watu tisa na tarehe. Kwetu huku hakuna atakayesema "ah, ni mchezo." Nilipofika jioni nilikuta watu kama ishirini. Nililazimika kusoma jina moja baada ya jingine mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikieleza huyu ni nani, yule ni nani, na mmoja alikuwa shemeji yangu. Bibi hakusema neno mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Ungebisha hodi, ningekuwekea mwenyewe ndani ya ua."

Basi, bisha hodi. Utaratibu ninaoufuata sasa:

1. Mwenye nyumba, mwenye duka au mwenye ukuta. Huyu ndiye wa kwanza, kabla ya ofisi yoyote.
2. Mjumbe wa eneo, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Mpelekee kopo lenyewe alishike na kulifungua. Barua fupi ya ukurasa mmoja inatosha, nakala moja ibaki kwake, moja igongwe muhuri ubaki nayo.
3. Kama ni eneo la kumbukumbu, wasiliana na wanaolisimamia. Maeneo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Usichimbe, usichomeke kitu kwenye mwanya wa ukuta wa zamani, usipige msumari.

Na juu ya kopo bandika maandishi yanayosomeka bila miwani. Yangu yanasema hivi: "HABARI! Hili ni kopo la mchezo wa kujifunza historia ya mtaa wetu. Halina dawa wala kitu cha hatari. Mwenyekiti wa mtaa analifahamu. Ukimaliza kusoma, tafadhali lirudishe ulipolikuta." Chini yake namba ya simu. Tumia kopo linaloonyesha ndani. Solotepu nyeusi nimeiacha kabisa.

Kuna mahali ambapo hupaswi kuficha kitu hata ukipewa ruhusa. Mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, uko mbele ya kituo cha polisi. Ni kituo kizuri sana cha historia, lakini mtu anayeinama-inama na simu mbele ya polisi anatafuta maelezo ya kutoa. Hapo weka swali tu, la kujibiwa ukiwa umesimama wima. Usipige picha kituo cha polisi. Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola nayo yawe ya swali tu. Vivyo hivyo msikiti wa Waismailia wenye mnara wa saa: unautazama ukiwa barabarani na kuendelea na safari. Shule, kambi na transfoma za umeme usizikaribie.

Hatua ya nne: kuchukua namba za mahali

Hapa wengi huharibu kazi kwa kosa moja dogo, kwa hiyo soma polepole.

Simu inaweza kukupa mahali pale pale kwa maandishi tofauti. Ramani nyingi za simu zinaonyesha nyuzi zenye desimali, mfano -7.77000, 35.69500. Wachezaji wa jiokashi wanatumia nyuzi na dakika zenye desimali: S 07° 46.200, E 035° 41.700. S ni kusini, E ni mashariki. Ni mahali pamoja. Kubadilisha, chukua kile kilicho baada ya nukta na uzidishe kwa 60: 0.77 mara 60 ni 46.2, na 0.695 mara 60 ni 41.7.

Rafiki yangu mmoja alizisoma zile dakika kama desimali, akaandika -7.46200 na 35.41700. Ramani haikulalamika, ramani hailalamikagi. Ilimwonyesha mahali palipo zaidi ya kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa mji, naye alikuwa ameshaanza kuuliza nauli.

Dakika moja ya kusini-kaskazini ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya mwisho, ile ya tatu baada ya nukta, ni chini kidogo ya mita 2. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita kama 5. Karibu na ukuta mrefu, au chini ya mawe makubwa tuliyo nayo Iringa, inakosea zaidi kwa sababu mawimbi yanagonga na kurudi. Fanya hivi: weka simu mahali penyewe, subiri dakika mbili bila kuisogeza, andika. Ondoka hatua thelathini, rudi, andika tena. Rudi siku nyingine, andika mara ya tatu. Tafuta wastani. Kisha mpe mtu asiyepajua mahali hapo namba zako na umwangalie kwa mbali. Akisimama zaidi ya mita 10 kutoka kwenye kopo, anza upya.

Pakua ramani ya mji kabla hujatoka nyumbani ili usitegemee bando. Data za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni za bure, na ukikuta uchochoro wenu haumo, unaweza kuuongeza mwenyewe.

Hatua ya tano: tunga fumbo linalomlazimisha mtu kusimama

Aina ninayoipendekeza kwa historia ya mtaa ni ile ya vituo vingi. Msakaji anazunguka, kila kituo kinampa tarakimu moja, mwisho tarakimu zinaungana kuwa namba za mahali pa kopo. Faida yake ni kwamba vituo vya njiani havihitaji kitu chochote kufichwa. Kopo ni moja tu, kwenye ua wa mtu aliyekubali.

Mfano huu ni wa kufundishia, usiufuate kwa miguu:

A = idadi ya herufi katika jina Miomboni (8)
B = idadi ya herufi katika jina Uhuru (5)
C = tarakimu ya mwisho ya mwaka aliofariki Mkwawa, 1898 (8)
D = koki za bomba la zamani la mtaa (6)
E = idadi ya herufi katika jina Frelimo (7)
F = tarakimu ya mwisho ya mwaka lililorudi fuvu, 1954 (4)

Kopo liko S 07° 46.[A-5][B-4][C], E 035° 41.[D][E-2][F-2].

Fanya hesabu: S 07° 46.318, E 035° 41.652. Ongeza na kipimo cha kujihakiki: A hadi F zikijumlishwa ni 38. Msakaji aliyekosea atajua kabla hajaenda kuchungulia ua usiohusika, na kwa kopo lililoko mjini hilo ni jambo la lazima.

Tazama D. Nyingine zote mtu anaweza kuzijibu akiwa amelala kitandani Dodoma. D haipo popote kwenye intaneti. Lazima aende kwa mama wa mandazi, amsalimie, aulize. Kituo kisicho na angalau swali moja la namna hiyo mimi sikihesabu kuwa cha historia ya mtaa. Hicho ni chemshabongo chenye ramani. Mama aliridhia kwa masharti mawili: asiulizwe Jumapili, na asiulizwe na mtu ambaye hajasalimia. Mandazi hakuyataja, lakini sijaona msakaji aliyeondoka bila kununua.

Jihadhari na namba zinazokufa. Idadi ya viti, namba ya simu kwenye bango, rangi ya mlango, vyote hivi vinabadilika kabla ya masika. Kilichochongwa kwenye jiwe au kumwagwa kwa zege kinadumu. Na kabla ya kutumia jina la kibao, hakikisha kibao kimeliandika kama unavyoliandika wewe, maana herufi moja ikizidi umempeleka mtu uwanja wa jirani.

Maelezo ya kituo yawe mafupi. Aya mbili kwa kila kituo zinatosha, kwa Kiswahili kwanza. Sema kilichotokea, nani anasimulia, na umuoneshe msakaji kitu kimoja cha kutazama: alama ya bomba ukutani, kizingiti kilicholika katikati, bati la aina ya zamani.

Hatua ya sita: kopo na kulitangaza

Kopo la plastiki gumu lenye mpira kwenye mfuniko, lile la kubana pande nne, linafaa zaidi. Ndani weka daftari dogo kwenye kifuko cha dawa cha kubana mdomo. Weka penseli, maana karatasi ikipata unyevu wino wa kalamu unasambaa. Vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya usivitupe. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na daftari likilowa mara moja limekwisha. Usiweke chakula, kiberiti, dawa wala pesa.

Ukitaka kopo lionekane kwa wachezaji wa dunia nzima, lisajili kwenye geocaching.com. Wahakiki wao ni wa kujitolea. Wanataka kopo lako liwe angalau mita 161 kutoka kopo jingine, uwe na ruhusa, maelezo yasiwe tangazo la biashara (kwa hiyo bei za mandazi usiandike), na uwe mtu wa kuweza kulifuatilia, siyo mgeni wa wiki moja. Utapima pia ugumu wa fumbo na ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Usipotaka kusajili, karatasi moja iliyobandikwa maktaba au kwa mwenye duka inatosha kwa mtaa.

Kama wewe ni msakaji tu

Nenda mchana, nendeni wawili au watatu. Gangilonga hasa, usipande peke yako jioni ukiwa na simu mkononi, hata kama machweo yanakuita.

Ukifika karibu na namba, funga simu. Mita kumi za mwisho ni za macho. Tazama kilicho tofauti kidogo, kilichoegemezwa, kilichofunikwa. Mtu akikuuliza unafanya nini, mweleze ukweli wote. Ukijificha-ficha, ndiyo unaanza kufanana na mwizi. Mara nyingi aliyekuuliza ataanza kukuhadithia, na hapo weka kopo kando kwanza, umsikilize.

Andika jina na tarehe, na kama umesikia kitu kipya, kiandike pia. Ukichukua kitu, acha chenye thamani hiyo au zaidi. Rudisha kopo pale pale, namna ile ile, hata kama wewe unadhani umepata mahali pazuri zaidi.

Kulitunza

Pitia kila mwezi wakati wa mvua, kila miezi mitatu kiangazi. Daftari likijaa, piga picha kurasa zote, lile la asili mpelekee mwenye ua au mwenyekiti, weka jipya. Yangu mawili yaliyojaa yako kwa yule bibi wa mzizi wa mti. Ndiye mwenye ua sasa, na humsomesha mjukuu wake majina yale yale yaliyomtia hofu.

Vituo vya swali navyo vikague. Barabara ikipanuliwa, kibao kikibadilishwa, mtu akihama, rekebisha maelezo siku hiyo hiyo au usimamishe kituo kwa muda. Mama wa mandazi amehamia upande wa pili wa barabara mwaka huu, chini ya mwavuli wa bluu. Nimebadilisha sentensi moja tu kwenye maelezo. Koki bado ni sita.